Baada ya msimu wa vipigo: kubomoa kikosi au kukitia viraka?

Houston Astros, klabu ya besiboli, walibomoa, yaani waliachana na nyota wao ili kujenga upya kwa chipukizi: walipoteza michezo 106, 107 na 111 kuanzia 2011 hadi 2013, kisha wakatwaa ubingwa wa besiboli wa Marekani mwaka 2017, ingawa wizi wa ishara za siri ambazo wapinzani hupeana uwanjani uliutia doa. Mishahara hupungua, lakini anayeumia ni shabiki. Tena, tangu bahati nasibu ianze kugawa nafasi za juu za kuchagua chipukizi, kushika mkia hakuipi tena klabu uhakika wa kuchagua kabla ya wengine.

Los Angeles Angels walitia viraka, yaani walibaki na nyota wao na kuziba mapengo. Mashabiki waliwatazama nyota Mike Trout na Shohei Ohtani pamoja, furaha ambayo siidharau hata kidogo, lakini kuanzia 2018 hadi 2023 ushindi haukuzidi vipigo katika msimu wowote.

Mmiliki mvumilivu mwenye chipukizi wengi anaweza kubomoa; klabu ambayo mkataba wa nyota wake unakaribia kwisha haina muda huo.