Turubai la Kulalia kwenye Bembea: Kabla Hujalipa, Vuta Ringi

Saa tisa usiku, shambani kwa mjomba kule Kalinzi, Kigoma, nimelala kwenye bembea, kile kitambaa cha kulalia kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, turubai langu jipya lilifunguka juu ya kichwa changu. Halikuchanika katikati wala halikuvuja. Ringi ya pembeni, kile kiduara cha bati unachopitishia kamba, ilichomoka ikabaki inaning'inia kwenye kamba kama hereni. Upepo ukaingia kwa chini, ringi ya pili ikafuata, kisha ya tatu. Nililowa mpaka kwenye mifupa. Mdogo wangu ananimulika tochi na kuniuliza, "Dada, sasa tunafanyaje?" Tukakimbilia jikoni kwa mkaza mjomba, tukakaa karibu na mafiga hadi kukapambazuka.

Turubai lile lilikuwa na siku nne tangu nilinunue Mwanga, hapa mjini Kigoma, kwa shilingi 38,000. Tangu usiku huo, kila nikiingia duka la maturubai kitu cha kwanza kukitazama ni ringi. Rangi sitaizungumzia hapa. Hata kuzuia maji sitakuzungumzia sana, kwa sababu karibu kila turubai jipya linazuia maji. Linalotuumiza sisi tunaoanza kulala kwenye bembea ni pale kamba inaposhika turubai.

Turubai lililotandazwa juu ya mahindi linalala chini, halina kazi kubwa. La bembea linaning'inia kati ya miti miwili, na upepo unalijaza kama tanga la mtumbwi. Nguvu yote ile inakwenda kwenye vitundu vinne au sita vidogo. Plastiki hii imesukwa kwa vipande vyembamba kama ukili wa mkeka. Ringi ikivutwa, vipande vinasogea, tundu linapanuka, mwisho ringi inatoka nzima bila hata kupinda. Ndiyo maana muuzaji akikwambia "hii ringi ni ngumu" hajakujibu. Ugumu unaoutaka ni wa pindo lililoishika.

Basi ukifika dukani, kunja pembe ya turubai utazame ubavuni. Pindo liwe limekunjwa na kuunganishwa sawasawa, na ndani yake upapase kamba inayozunguka turubai zima. Ringi iwe imeng'ata kitambaa pande zote mbili, si upande mmoja. Pembeni kuwe na kipande cha kuongeza nguvu. Halafu ingiza kidole kwenye ringi, shika turubai kwa mkono wa pili, uvute kwa nguvu kweli. Ukiona kitambaa kinakunja mikunjo kuzunguka ringi na mwanga unapenya pembeni yake, lirudishe. Jaribu ringi tatu, usijaribu moja.

Katika yote niliyolala chini yake, ninalolipenda bila kificho ni la DD Hammocks, kampuni ya Uskoti, lile la mita 3 kwa 3. Halina ringi kabisa. Lina vitanzi 19 vya mkanda vilivyoshonwa, na kila kitanzi kimewekewa kitambaa cha ziada chini yake. Upepo ukivuta, mzigo unagawanyika kwenye mshono mrefu badala ya kukaa kwenye tundu moja. Uzito wake haufiki kilo moja, na ni la polyesta, ambayo haivutiki ovyo ikilowa kama nailoni, kwa hiyo huamki usiku kukaza kamba. Hapa Kigoma sijaliona dukani hata siku moja. Langu kaka aliniagizia, likaja na mgeni aliyetoka Ulaya. Ni ghali, najua. Lakini kama una ndugu au rafiki anayesafiri, usimwombe manukato, mwombe hili.

Usipolipata, la pili kwangu ni turubai zito la plastiki iliyosukwa, la mita 3 kwa 4, ambalo utalipeleka kwa fundi kabla hujalitumia hata mara moja. Tafuta yule fundi anayeshona viti vya bodaboda na maturubai ya malori, kwa kuwa mashine yake inapita kwenye kitu kizito. Mwambie aweke vitanzi vya mkanda wa begi kwenye pembe nne, viwili kwenye mgongo, yaani mstari wa katikati unaopita juu ya bembea, kimoja mwanzo na kimoja mwisho, na kimoja katikati ya kila ubavu. Chini ya kila kitanzi aweke kiraka upana wa kiganja, kisha ashone msalaba ndani ya mraba. Usimruhusu ashone mstari mmoja tu, patachanika kama karatasi iliyotobolewa. Ukimaliza, paka gundi ya plastiki juu ya mshono ili matundu ya sindano yasipitishe maji. Mimi fundi alinitoza shilingi 12,000 kwa kazi yote, na turubai hilo limemaliza mvua za kuanzia Novemba mpaka Aprili bila kuachia hata kitanzi kimoja.

Kuhusu ukubwa, bembea ya mita 3 ikining'inizwa vizuri ikalegea katikati, umbali wa ncha kwa ncha unakuwa kama mita 2 na nusu. Turubai la mita 3 linatosha likikaa sawasawa. Mimi napenda la mita 4 kwa sababu mvua ya huku haiji wima, inapigwa na upepo wa ziwani ikaja ubavu. Na ufunge kipande cha kamba ya pamba kwenye kamba ya bembea, nje kidogo ya kitambaa, maji yanayoteremka kutoka mtini yadondokee hapo badala ya kukufuata mgongoni.

Turubai la lori ni imara, lakini la mita 3 kwa 3 linaweza kuzidi kilo 5. Kama unafika kwa gari, chukua. Yale mepesi ya bluu ni ya kufunikia tofali, usilale chini yake.

Kuna jambo moja linaniuma nisipolisema. Huku kwetu utaonyeshwa turubai jeupe la msaada wa wakimbizi, nadhifu, na kweli limetengenezwa vizuri, lina mikanda mizito mahali ringi zinapokaa. Lile ni paa la familia ya mtu kwenye kambi ya wakimbizi, kama ile ya Nyarugusu. Usilinunue kwa bei yoyote.

Na wauzaji wetu jamani. Turubai lililoandikwa mita 3 kwa 4 nililipima kwa futi ya fundi nyumbani nikakuta mita 2 na sentimita 84 kwa mita 3 na 80. Niliporudi kuuliza nikaambiwa vipimo ni vya kabla ya kukunja pindo. Sasa mimi nalala chini ya pindo lililokunjwa au lisilokunjwa? Mwingine alinikatalia kulifungua, "ukifungua umenunua, dada." Mtu anatoa pesa yake ya jasho halafu anakatazwa kuangalia anachonunua! Na ikifika Novemba mvua zikishika, turubai lilelile lililokaa rafuni tangu Julai linapanda bei, ukiuliza unaambiwa usafiri kutoka Dar. Limesafiri lini, na lilikuwepo hapo hapo? Nunueni Agosti, na mwende na futi mfukoni.

Kama tayari unalo lenye ringi mbovu na safari ni kesho, usilitupe. Okota kokoto laini ukubwa wa ndimu, liweke chini ya turubai sentimita 20 kutoka ukingoni, likunje kwa kitambaa chenyewe kama unafunga tonge, kisha kaza kamba shingoni mwa kifundo hicho. Sasa kamba inashika kitambaa kizima, ringi haina kazi tena. Fanya hivyo pembe zote nne. Lile langu la Kalinzi ndivyo nilivyolifunga usiku wa pili, kwa kokoto mkaza mjomba alizoniokotea mtoni, na tulilala hadi saa moja asubuhi mvua ikinyesha.