Difibrileta ya awamu mbili: uzoefu wangu baada ya kuachana na ile ya jouli 360

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na nimeshatumia vizazi viwili vya difibrileta, mashine ya kuushtua moyo kwa umeme: ile ya zamani ya awamu moja, ambayo umeme wake ulikwenda upande mmoja tu, na hii ya awamu mbili tuliyo nayo sasa, ambayo umeme wake huenda kisha hugeuka. Ukiniuliza ipi ninaitaka karibu na kitanda cha mgonjwa wangu, sisiti hata kidogo: hii mpya. Lakini naona wengi wanaisifia kwa sababu isiyo yenyewe. Husema ni nzuri kwa kuwa shoti yake ni ndogo. Udogo huo ni matokeo tu. Siri iko kwenye umbo la shoti.

Moyo ukiingia kwenye mtetemo wa ventrikali, yaani vyumba vyake vya chini vinavyosukuma damu, kila sehemu ya msuli hujikaza kwa wakati wake na damu haiendi popote. Shoti haiwashi moyo uliozimika, inaizima ile vurugu kwa mkupuo mmoja ili moyo upate nafasi ya kushika mapigo yake wenyewe. Kinachoizima ni mkondo unaoufikia moyo, wala si jouli zinazosomeka kwenye kioo. Jouli zinakueleza nishati tu, na kabla umeme haujafika moyoni unapambana na ngozi, mafuta, mifupa na mapafu yaliyojaa hewa. Ukinzani wa kifua cha mtu mzima huwa kama omu 70 au 80, lakini wapo walio chini sana ya hapo na wapo wanaokaribia 150. Mashine ya zamani haikulijali hilo. Ulipiga jouli 360 kwa mwembamba na kwa mwenye kifua kipana, na mikondo waliyoipata ilitofautiana mno.

Hii ya sasa inakipima kifua kwanza, kisha inarekebisha volti au muda wa shoti ili mkondo uwe wa kutosha. Halafu katikati ya shoti, ndani ya milisekunde chache, umeme unageuza mwelekeo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba awamu ya pili inafuta chaji iliyoachwa na awamu ya kwanza kwenye utando wa seli, chaji ambayo ingeweza kuuamsha mtetemo upya. Ndiyo maana jouli 120 hadi 200 zinafanya kazi iliyokuwa ikidai 360, tena kwa mkondo wa kilele ulio mdogo zaidi. Teknolojia hii ilishika kasi kwanza kwenye vifaa vinavyopandikizwa mwilini, ambako betri ni ndogo na kila jouli ina thamani. Mashine za nje zilifuata katika miaka ya 1990.

Zamu moja tulikuwa na mgonjwa mkubwa wa mwili, aina ya mgonjwa ambaye zamani alinitia hofu kabla hata ya kuchaji. Tulimkausha jasho, tukanyoa nywele pale pa kubandika pedi, moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavuni kushoto. Mashine ilichaji huku mwenzangu akiendelea kukandamiza kifua. “Mbali wote!” Shoti ikapita, mikono ikarudi kifuani papo hapo. Tulipokagua baada ya dakika 2, mstari kwenye kioo ulikuwa na mapigo yaliyopangika, na kwenye shingo niliusikia mshipa ukigonga vidole vyangu. Chini ya pedi ngozi ilikuwa nyekundu kidogo tu. Ile mashine ya zamani ilikuwa ikituachia majeraha ya moto ya kuuguza.

Lakini nisiipambe kupita kiasi. Katika tafiti nyingi shoti huhesabiwa imefaulu mtetemo ukikoma kwa angalau sekunde 5, na hapo awamu mbili inaongoza waziwazi. Kurudi nyumbani salama ni jambo jingine, na huko ubora wa wimbi, yaani umbo la shoti, peke yake haujathibitika kuwa ndio unaoamua. Bila kukandamizwa kifua, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Mashine nzuri iliyofungiwa kabatini haimsaidii mtu.

Kinachonikera ni namba. Kila mtengenezaji ana kipimo chake: mmoja anakuambia uanze na jouli 120, mwingine 150, mwingine 200, na zipo za awamu mbili zinazofika 360. Muuguzi akihamia wodi yenye mashine ya aina nyingine, mazoea yake yanaweza kumpoteza. Sisi tumebandika karatasi yenye kipimo cha shoti ya kwanza mbele ya mashine. Na kama kipimo cha mtengenezaji hakijulikani, miongozo inaelekeza kufikiria kiwango cha juu kabisa cha mashine hiyo, badala ya kusimama mkibishana.

Kwa wanaotaka kununua: muulizeni muuzaji mashine inafidiaje ukinzani mkubwa wa kifua, na awaonyeshe ukurasa wa mwongozo unaosema hivyo. Ulizeni pia bei ya pedi, maana zina tarehe ya mwisho wa matumizi. Jeli ikikauka, pedi haishiki ngozi vizuri, ukinzani unapanda, na ufundi wote wa lile wimbi unaishia kwenye ngozi.