Chakula cha Usiku Ndani ya Jahazi, Mbele ya Mji Mkongwe

Kwa miaka mingi nimepita Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, nikitoka kazini na kuyaona majahazi ya kutembeza wageni yakitweka tanga jua likielekea kuzama, na sikuwahi kuingiwa na fikira kwamba huduma ile ni ya watu kama sisi. Nilibadili mawazo mwezi uliopita, Mama alipotimiza miaka 70. Yeye ni mzaliwa wa Wete, na katika ujana wake alivuka mara kadhaa kutoka Pemba kuja Unguja kwa jahazi, akilala juu ya magunia ya karafuu mpaka alfajiri. Tangu alipoolewa na kuhamia Kikwajuni hakupanda tena chombo cha tanga. Mimi na mume wangu tuliona kwamba zawadi inayomfaa ni kumrejesha baharini kwa usiku mmoja, ale chakula kizuri, na autazame mji kutoka upande ule ule alioutazama mara ya kwanza kabla hajaukanyaga.

Nafasi tuliiweka kwa simu. Bei ya mkaazi ilikuwa shilingi 85,000 kwa mtu mmoja, nayo inajumuisha vyakula vyote, vinywaji visivyo na kilevi na muziki. Tuliambiwa tufike ufukweni Shangani saa 11 jioni, na kweli saa 11 na robo tulikuwa tumeshapanda. Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu, kwa hiyo bamvua, yaani maji makuu, lilikuwa limejaa na jahazi lilisogea karibu kabisa na mchanga. Mabaharia wawili walimshika Mama mikono na kumpandisha ngazi ya mbao huku wakimwambia, "Shikamoo, Bi mkubwa, karibu chomboni," kwa upole ambao haukuwa wa kuigiza.

Kabla ya nanga kung'olewa, kila abiria alipewa jaketi la kuokolea na akaoneshwa namna ya kulivaa, na kwa watoto yalikuwepo madogo ya saizi yao. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu kwetu si dogo. Aliyekuwa Unguja au Pemba mnamo Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, hapandi chombo chochote bila ya kulitazama jaketi lilipo. Mama alipoteza jirani na mwanafunzi wake mmoja katika msiba ule. Alilifunga lake mwenyewe, akalivuta kamba mara mbili, kisha ndipo alipotulia.

Tanga lilitwekwa na mabaharia wanne waliovuta henza, kamba ya kulipandishia, kwa pamoja, foromali, boriti inayolishika tanga, ikapanda polepole mpaka karibu na ncha ya mlingoti, na upepo wa mwisho wa kusi ukalijaza. Upepo ule unatoka kusini, na upande wa mji unakuwa umekingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo maji yalikuwa laini kiasi kwamba vikombe havikutikisika. Tulielekea kaskazini, tukipita mbele ya Forodhani kuelekea Malindi. Wakati wa Magharibi ulipoingia, adhana za misikiti ya mjini zilitufikia juu ya maji zikiwa zimepishana kidogo kidogo, moja ikimaliza na nyingine ikiwa bado katikati. Mabaharia walitandika mikeka upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Nahodha hakuhitaji kutafuta kibla, kwa kuwa kwetu Unguja kibla ni kaskazini na omo, yaani mbele ya chombo, ilikuwa imeelekea huko huko. Alichofanya ni kulishikilia chombo katika njia hiyo hiyo mpaka tuliposalimu. Nimekula katika mikahawa mingi ambayo muumini analazimika kuomba nafasi ya kusali kana kwamba anaomba msaada, na hapa jambo lilikuwa limepangwa kabla hatujauliza.

Sasa chakula chenyewe, ambacho ndicho tulichokilipia. Kilianza kwa tende na juisi ya ukwaju, halafu kachori na katlesi za samaki pamoja na chatne ya nazi. Supu ya pweza ililetwa katika vikombe virefu badala ya bakuli, na huo ni uamuzi wa mtu aliyefikiri, kwa sababu kikombe kinashikika mkononi hata chombo kikiinama. Supu ilikuwa na ndimu na pilipili manga ya kutosha, na pweza alikuwa laini bila ya kupondeka.

Chakula kilichofuata ndicho ambacho, kwa maelezo ya mhudumu, mpishi anajivunia zaidi: kamba katika sosi nzito ya vanila, waliopangwa juu ya sahani bapa nyeupe na kupambwa kwa maua. Kwa macho kilipendeza. Ulimini, vanila ilikuwa imeufunika utamu wa kamba wenyewe, ambao walikuwa wabichi kabisa na walihitaji chumvi, ndimu na moto tu. Isitoshe, chombo kilipopinda kidogo kuikwepa boti, sosi ilimiminika ukingoni na kuingia kitambaani. Vanila ni zao letu na sipingi kutumiwa jikoni, lakini nilihisi kwamba chakula kile kilibuniwa kwa ajili ya kupigwa picha.

Kilichofuata kilinisahaulisha. Kule kwenye omo palikuwa na sanduku la mchanga, na juu yake jiko la mkaa, kama majahazi ya zamani yalivyopikia. Kwa kuwa upepo ulikuwa unatoka nyuma yetu, moshi wote ulikwenda mbele baharini na kwetu ilifika harufu peke yake. Mpishi alimchoma kolekole mpaka nusu, kisha akaanza kumpaka tui zito lililokwisha kupikwa na kitunguu thomu, tangawizi, ukwaju na bizari, akimgeuza na kumpaka tena, mara nne au tano, mpaka tui likashika nyama na kubabuka kidogo kwenye kingo. Nilimwendea nikamuuliza anawezaje kutunza tui katika joto la jioni bila ya kuchacha. Alinieleza kwamba nazi hukunwa na kukamuliwa baada ya Alasiri, tui likachemshwa huku likikorogwa mfululizo ili lisikatike, na likapandishwa chomboni ndani ya sanduku la barafu. Uangalifu huo ulionekana katika kila tonge. Samaki alikuja na wali wa nazi, mchicha na achari ya embe, na Mama, ambaye kwa kawaida husema chakula cha kununua hakina mkono, aliomba aongezewe.

Tulipokuwa tunakula, hata hivyo, jambo moja lilikuwa linanikera na sikuweza kulitaja kwa jina. Jahazi lilikuwa limezungushiwa balbu nyingi kali kutoka mlingotini mpaka tezi, na tulikuwa tumekaa ndani ya mwangaza kama walio dukani. Mama ndiye aliyelitambua. Alimwita nahodha.

"Mwanangu, taa zenu hizi zinatunyima mji."

"Bi mkubwa, wageni wengi huogopa giza wakiwa baharini."

"Basi waulize."

Nahodha akawauliza abiria, tuliokuwa kama watu 18, wakiwemo familia moja kutoka Tanga na wageni kutoka Italia na Ujerumani, na hapana aliyekataa. Balbu zikazimwa. Ikabaki taa ya mlingotini, ambayo ni ya usalama, na kandili mbili mezani. Kwa muda mfupi hatukuona kitu, kisha mji ukatokea. Kwanza ukuta mrefu wa Ngome Kongwe na taa za wauza vyakula wa Forodhani chini yake, kisha nguzo za Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, kisha weupe wa kasri ya zamani ya masultani, na mbele zaidi roshani zilizonakshiwa za jumba la mfanyabiashara wa zamani Tharia Topan. Mwezi ulikuwa umechomoza nyuma ya mji, kwa hiyo mapaa yote yalikuwa na mstari mmoja mweupe juu yake, na minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yusufu ilisimama myeusi mbele ya mwezi. Mtu aliyezaliwa hapa anaijua mitaa hii kwa miguu, kuta zikiwa karibu na mabega yake, na anaweza kuishi miaka mingi asiuone mji mzima kwa mtazamo mmoja. Mama aliacha kula. Alisema hivyo ndivyo alivyouona akiwa na miaka 19, tofauti ikiwa kwamba wakati ule Beit al-Ajaib ilikuwa bado na mnara wake wa saa.

Nawaomba wenye huduma hii wauchukue ushauri wa Mama kuwa utaratibu wa kila usiku. Taa ziwake watu wanapopanda na wanaposhuka, na katikati zizimwe. Bila ya giza lile, mteja analipia mkahawa unaoelea tu.

Muziki ulikuwa wa udi na ngoma ya dumbak, wanamuziki wawili wasiotumia spika, na nashukuru kwa hilo. Walipiga taarabu ya taratibu, kwa sauti iliyoacha watu waongee. Sina la kuongeza hapo.

Mtembezaji, kwa upande mwingine, anahitaji kurekebishwa. Alikuwa kijana mchangamfu na mwenye kumbukumbu nzuri: alieleza sawasawa kwamba Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Sayyid Barghash, kwamba sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kwamba Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Lakini maelezo ya Kiingereza yalichukua dakika nyingi na ya Kiswahili yakawa sentensi mbili, ilhali nusu ya waliokuwa chomboni walikuwa Waswahili waliolipa nauli zao. Kibaya zaidi ni alivyosimulia mashambulizi ya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga kasri mizinga ili kumwondoa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekitwaa kiti cha usultani bila ya ridhaa yao. Aliyaita vita vifupi kuliko vyote duniani, akasubiri watu wacheke, na wengine wakacheka. Mizinga ile ilidumu kwa takriban dakika 40, na katika muda huo watu wa upande wetu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ikazamishwa katika bandari hii hii tuliyokuwa tunapita juu ya maji yake. Habari hiyo inaweza kusimuliwa mezani, na kwa maoni yangu inapaswa kusimuliwa, lakini kwa sauti inayostahili waliokufa.

Kurudi ndiko kulikoharibika kidogo. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kinyume cha upepo. Sharti kibishe, yaani kiende upande upande na foromali igeuzwe kila mara, na kazi hiyo haiwezekani watu wakiwa wanakula. Nahodha aliteremsha tanga na kuwasha mashine, jambo ambalo ni la busara. Tatizo ni kwamba kahawa na halua vililetwa wakati huo huo. Halua ilikuwa ya Pemba, Mama aliithibitisha kwa tonge la kwanza, na kahawa ilimiminwa kutoka kwenye dele la shaba ikiwa chungu na yenye tangawizi kama inavyotakiwa, lakini tuliinywa katika mngurumo na harufu ya dizeli, na udi ulikuwa umeshanyamazishwa. Wangetia nanga mbele ya Forodhani kwa nusu saa tu, kahawa ikanyweka kwa utulivu, ndipo mashine ikawashwa.

Tulipofika Shangani saa 3 usiku, maji yalikuwa yamekupwa sana. Siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na pale tulipopandia kwa ngazi sasa palikuwa na mchanga mtupu wenye mawe. Ilibidi tuteremke kwenye kihori, kisha tutembee majini mpaka magotini na baadaye juu ya mawe yenye utelezi, kama hatua 60, kwa tochi ya simu. Mama ana maumivu ya goti. Mume wangu na baharia mmoja walimshika kila mmoja upande wake, na baibui lake lililowa lote chini. Hakuna aliyetuonya tulipoweka nafasi, ingawa saa za kujaa na kukupwa zinajulikana kabla ya siku nyingi na kila baharia anazijua. Asubuhi yake nilipiga simu ofisini, wakanisikiliza bila ya kujitetea, wakaomba radhi, na wakaahidi kwamba ujumbe wa kuthibitisha nafasi utataja hali ya maji wakati wa kushuka. Nimeona bora niandike hapa, ili atakayeweka nafasi aulize mwenyewe.

Kwa anayempeleka mzee au mtu mwenye taabu ya miguu, ushauri wangu ni kuchagua siku za maji mafu, wakati ambapo bahari haishuki sana na jahazi linaweza kusogea ufukweni wakati wa kurudi. Aombe kiti cha kawaida mapema, kwa sababu wengine hukaa chini juu ya mito. Mama alipatiwa kimoja, lakini kilikuwa hicho hicho tu. Kamba wa vanila wanaweza kubadilishwa kwa pweza wa nazi bila ya kuongeza fedha, jambo nililoligundua nikiwa nimeshachelewa.

Tunakusudia kurudi mwakani. Nilimweleza Mama kwamba tukienda siku za maji mafu hatalowa, ila hatauona mwezi ukichomoza juu ya mji. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia nimtafutie viatu vya mpira.