TAHADHARI: "Kamera ya 360" ya lenzi moja inauzwa Dodoma

Wakuu, hasa madalali wa nyumba, wenye loji na mnaopeleka wageni Kolo kwenye michoro ya miambani: kuna muuzaji anatangaza WhatsApp "kamera ya 360, 8K, mteja anatembea ndani ya nyumba akiwa kwake". Anataka nusu ya hela kwanza kwa simu, nusu nyingine boda akishafika na boksi lililofungwa. Ndani kuna kamera ya ulinzi, ile ya soketi ya balbu, imetolewa kitako na kuvalishwa kava jipya.

Kamera halisi ya 360, yaani inayopiga pande zote kwa mara moja, ina lenzi mbili zilizotuna, moja mbele moja nyuma, na kila moja inaona zaidi kidogo ya digrii 180. Hiyo ziada ndiyo ambayo programu huitumia kushona picha mbili ziwe moja. Lenzi moja imeona nusu ya chumba tu. Nusu ya pili haikupigwa kabisa, muuzaji anaifunika kwa nembo.

Usilipe hata mia kabla ya kufungua boksi. Piga picha moja katikati ya chumba, kamera juu ya fimbo usawa wa macho, kisha soma vipimo vya faili. Upana lazima uwe mara mbili kamili ya kimo: Ricoh Theta SC2, kwa mfano, hutoa pikseli 5,376 kwa 2,688. Ukikuta 1,920 kwa 1,080, rudisha hapo hapo.

Wajanja hunyoosha faili lifikie vipimo hivyo, kwa hiyo jaribu na mkono. Uweke sentimita 20 hivi ubavuni mwa kamera, pale lenzi mbili zinapokutana. Halisi itakata kidole au itakitoa viwili, maana kila lenzi inakiona kutoka upande wake. Hapo kasoro ndiyo ushahidi! Ila mshono ukionekana hata kwenye ukuta wa mita tatu, kamera ni halisi lakini huenda ilishaanguka, lenzi zimehama.

Ya mtumba imulike lenzi kwa tochi ya simu, kwa pembeni. Ukiilaza mezani lenzi zinagusa, na vumbi letu la kiangazi ni msasa. Mkwaruzo mmoja unaleta ukungu jua likipiga.

Hiyo 8K nayo ni pikseli 7,680 kuzunguka digrii 360, kama 21 kwa digrii moja. Anayeahidi ukali wa picha ya simu anakuongopea. Kadi ya kumbukumbu ya "ofa" ya GB 256 ijaze yote, kisha fungua mafaili ya mwisho: kwenye feki hayafunguki.