Hydrostream ya zamani: jeki pleti, propela na geji moja ndogo. Kutoka maili 55 hadi 69 bila kufungua injini

Asalaam aleikum jamaa zangu, mabaharia wa Lamu, Mombasa, Unguja, Dar, na nyie wenzangu tulioko huku kwa baridi, karibuni sana. Boti ndio hii hapa nyuma yangu juu ya trela. Wengi mmeniuliza nimeifanyia nini mpaka ikabadilika vile, basi leo nakaa chini nawaeleza kila kitu nilichofunga, kipi kimenilipa na kipi mngoje kwanza kabla hamjatoa pesa.

Hii ni Hydrostream ya miaka ya 80. Imeundwa hapahapa Minnesota, boti za Howard Pipkorn hizi, na majina yake mengi yanaanza na V, Viper, Vector, Viking, Vegas, ukisikia hayo ujue ni familia moja. Ni faiba nyepesi sana, ndio siri yake, alafu chini kabisa ya mkuku upande wa nyuma kuna ubapa mwembamba hivi, tunaita pedi, njooni na kamera huku muone. Boti ikishika mwendo inanyanyuka mpaka ule ubapa peke yake ndio unagusa maji, sehemu iliyobaki yote iko hewani. Mashine ni Mercury V6 nyeusi, Black Max, two-stroke ya kabureta. Sikubadilisha pistoni, sikugusa kabureta, hakuna nguvu ya farasi hata moja nimeongeza.

Nilipoinunua ilikuwa inakwenda maili 55 kwa saa, hizo ni kama kilomita 89, na injini mizunguko 5300 kwa dakika. Aliyeniuzia aliniambia mashine imechoka hiyo, tafuta nyingine kubwa. Kabla sijamsikiza nilipima kompresheni, yaani silinda inakandamiza hewa kwa nguvu gani, silinda zote sita zikakaribiana, tofauti haifiki asilimia 10. Sasa kama silinda ziko sawa, kwa nini boti haiendi? Nikachukua rula ndefu nikaiweka kwenye pedi ikatokeza nyuma, nikapima kutoka hapo mpaka katikati ya shafti ya propela. Inchi 4 chini. Yaani ile mashine ilikuwa imezamishwa kama ya boti ya mizigo, gia boksi yote ndani ya maji, na kwa mwendo ule kila inchi ya chuma iliyo majini ni breki.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, jeki pleti. Hii hapa. Ni vipande viwili vya alumini, kimoja kinafungwa kwenye ubao wa tezi, huko nyuma ya boti, kingine kinabeba mashine, na katikati kuna bolti ndefu ukiizungusha na spana mashine inapanda ama inashuka. Hii yangu ni ya mkono na inarudisha mashine nyuma inchi 5 na nusu. Kurudisha nyuma kuna faida yake, maji yakitoka chini ya boti yanainuka kidogo huko nyuma na yametulia, propela inapata maji safi hata ukiipandisha, na pia mashine ikiwa mbali inapata nguvu ya kuinua omo, yaani mbele ya boti. Ubaya ni kwamba uzito umekwenda nyuma, ukiondoka omo inasimama mbinguni sekunde mbili tatu huoni mbele, nilihamisha betri nikaipeleka mbele ikapungua. Kuna za haidroliki, unabonyeza swichi inapanda ukiwa unakwenda, nzuri sana lakini ni nzito na bei imechangamka, kwa boti nyepesi kama hii mi naona ya mkono inatosha, ukishapata kimo chako hutaigusa tena msimu mzima.

LAKINI jamani, kabla hujafunga pleti gonga ule ubao wa tezi na nyundo. Hizi boti za zamani ndani ya faiba kuna plaiwudi, na maji yakiingia kwenye matundu ya bolti inaoza kimyakimya. Sauti kavu ni salama, ikiwa butu kama unagonga mkate basi simama hapo. Shika mashine chini huku uibonyeze kwa uzito wako, mwenzako atazame, ubao ukipinda usifunge kitu chochote, rekebisha ubao kwanza. Jeki pleti inaongeza mvuto kwenye ubao, mashine inaweza kung'oka na tezi yake ikabaki majini. Na ukifunga, kila tundu lipake gundi ya baharini.

Sasa kitu ambacho nakipenda kuliko vyote kwenye hii boti. Hiki hapa. Geji ya presha ya maji. Haifiki dola 50, kampira kembamba kanatoka kwenye bloku ya injini kanakuja mpaka kwenye deshibodi basi. Watu wananunua propela ya mamia ya dola hawana hii, inaniuma sana kuona. Mashine ya kawaida inavuta maji ya kupoza kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa gia boksi, ukiipandisha sana yale matundu yanavuta hewa, na kwa mwendo ule huna muda, pistoni inashika mara moja umeua mashine. King'ora cha joto kikilia saa nyingine umeshachelewa. Geji inakwambia mapema. Nilianza na presha ya paundi 18 kwa inchi ya mraba, mafuta nimebonyeza mpaka mwisho, nikapandisha robo inchi, nikaenda nikarudi, nikaandika, robo tena, nikaenda nikarudi. Siku nzima hiyo. Ilipofika paundi 12 nikasimama hapo, shafti iko inchi moja na nusu chini ya pedi. Impela ya pampu, kile kipanga cha mpira kinachosukuma maji, ilikuwa mpya, usifanye hii kazi na impela ya miaka mitano, utakuwa unapima uchakavu wa pampu wala si kimo cha mashine.

Na matokeo? Propela ileile, pichi inchi 24 (pichi naieleza sasa hivi), mizunguko ikapanda mpaka 5750 na GPS ikasoma maili 62. Kilomita 100. Maili 7 kwa spana tu!

Tuje kwa propela. Pichi ni ile safari ambayo propela ingekwenda kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao na propela ni skrubu, sasa maji si mbao, kwa hiyo inateleza, na ule utelezi ndio unatakiwa kuujua. Hesabu yake andikeni: mizunguko ya injini, zidisha kwa pichi, gawanya kwa uwiano wa gia, yangu ni 1.87, alafu gawanya kwa 1056. Unapata maili ambazo ungetakiwa kwenda. Ya kwangu mwanzo ilitoka 64.4 na nilikuwa nakwenda 55, utelezi karibu asilimia 15. Baada ya kupandisha ukashuka 11. Hapo ndio nikajua propela nayo inataka kubadilishwa, maana mashine sasa ina nafasi ya kubeba pichi kubwa.

Nilijaribu mbili. Ya kwanza ya mapanga manne, pichi 24. Inashika maji kama kucha, ukikata kona haikuachii, inaondoka haraka hata na watu wanne, na utelezi ukaanguka chini ya asilimia 8, ila juu ikaishia maili 64. Panga la nne nalo ni chuma kingine majini. Ya pili ni Chopper ya mapanga matatu, pichi 26, chuma cha pua, nimeipata mkononi kwa mtu. Hii inainua omo vizuri mno, boti yote inakuwa nyepesi unaisikia kwenye kiti, mizunguko 5700, maili 69. Kilomita 111, utelezi asilimia 8. Ukiwa na familia na watoto wa kuvuta kwenye maboya chukua ya mapanga manne usijute. Ukiwa peke yako asubuhi ziwa limelala, Chopper.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini. Boti ikifika kama maili 60 imekaa juu ya ule ubapa mwembamba inaanza kuyumba bega kwa bega, kulia kushoto, kila yumbo kubwa kuliko la mwanzo, na ukijaribu kuirekebisha kwa kuchelewa ndio unaizidishia. Mara ya kwanza kunitokea nilitoa shahada. Usukani wa hii boti ulikuwa wa waya mmoja na una mchezo, unauzungusha vidole viwili mashine haijasikia. Nikafunga waya mbili, mmoja unasukuma mwingine unavuta, mchezo wote ukaisha na kuyumba kukapungua sana, kilichobaki ni mkono wako kujifunza. Pia kuongeza na kupunguza mafuta nimehamishia kwenye pedali ya mguu ili mikono yote miwili ibaki kwenye usukani, ukiondoa mguu boti inashuka yenyewe. Kusema kweli ningeanza na usukani kabla ya pleti, nilikosea mpangilio, nyie msifuate nilivyofanya mimi. Na ile kamba ya kuzimia mashine vaeni, hapa Marekani tangu Aprili 2021 ni sheria kwa boti za chini ya futi 26 zikiwa kwenye mwendo, lakini hata kama si sheria, mtu akirushwa nje boti isiyo na dereva huzunguka ikarudi palepale alipo.

Kuna ndugu wa Mokowe kaniuliza, hii inanihusu nini na Yamaha yangu ya abiria? Inakuhusu ndugu yangu. Angalia lile bapa lililo juu ya propela yako, likiwa limezama inchi mbili tatu chini ya tako la boti unachoma petroli bure kila safari ya kuvuka kwenda Amu. Huhitaji jeki pleti, weka kipande cha mbao ngumu chini ya mabano, pandisha nusu inchi, tazama maji ya kupozea yanatoka vilevile kwa nguvu? Pandisha tena kidogo. Propela ikianza kupiga hewa kwenye kona, rudisha nusu inchi chini ukaze bolti. Uwiano wa gia uko kwenye kitabu cha mashine yako, na hesabu ni ileile.

Haya, upepo umelala, ngoja nifunge kamera kwenye deshibodi niishushe majini muione geji ikifanya kazi. Mtazame mkono wa kushoto, ile sindano nyeupe, ikigusa 12 ndio nimefika mwisho.