Uzoefu wangu: kushuka melini Civitavecchia na kwenda Roma kwa treni, bila ziara ya meli

Ratiba ya meli iliandika "Roma", ila meli haifiki Roma. Inafunga gati Civitavecchia, na kutoka hapo hadi mjini ni kama kilomita 70. Melini walikuwa wanauza ziara ya basi ya siku nzima. Nilipojumlisha gharama yangu na ya mdogo wangu, nikaanza kuulizia treni.

Upangaji niliuanzia mwisho wa siku, na ndiyo hatua ninayomsihi kila mtu aichukue. Meli ilikuwa ing'oe nanga saa 1 jioni, lakini abiria wote walitakiwa wawe ndani saa 12. Hiyo saa 12 ndiyo saa yako. Nikatoa dakika 45 za kutoka stesheni hadi melini pamoja na foleni ya ukaguzi, nikatoa kama saa moja ya treni, kisha nikachagua treni ya saa tisa na nusu alasiri huku nikihakikisha nyuma yake ziko nyingine mbili zinazoweza kunirudisha kwa wakati. Ratiba za kule zinaandika 15:30, hivyo zibadilishe zote kwa saa zetu usiku uliotangulia, ukiwa umetulia. Uliza pia kama saa ya meli ni ile ile ya nchi kavu, maana si lazima zilingane.

Asubuhi basi la bandari, ambalo ni la bure, lilitutoa kwenye meli hadi Largo della Pace, kituo cha mabasi cha bandari. Kutoka hapo hadi stesheni tulitembea kama dakika 25 kandokando ya bahari. Njia ni rahisi, ila mwenye magoti mabovu asijilazimishe, yapo mabasi ya kulipia. Stesheni nilinunua BIRG kwa euro 12 kila mtu: tiketi ya siku moja ya treni za kawaida, na hiyo hiyo inakupandisha metro na mabasi ya Roma hadi usiku wa manane. Treni za kasi hazimo.

Kabla hatujapanda, mama mmoja mtu mzima alinishika mkono, akanyooshea kidole kimashine kilichobandikwa ukutani. Nilikuwa nimeshalipa na sikujua kingine kinachotakiwa. Akachukua tiketi yangu, akaiingiza kwenye tundu, kikalia "krrk", ikatoka na tarehe na saa pembeni. Tiketi ya karatasi isiyogongwa hivyo inakupigisha faini hata kama umelipa. Nilimshukuru mama yule kwa Kiswahili, nadhani alinielewa.

Wengi hukaa hadi Roma Termini, stesheni kuu ya mji, kwa sababu ndilo jina wanalolijua. Sisi tulishuka Roma San Pietro, vituo kadhaa kabla. Mdogo wangu aligeuka tu akasema, "Dada, lile kuba!" Kweli, kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro lilikuwa linaonekana pale pale stesheni. Mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu tukawa kwenye uwanja wa mbele ya kanisa hilo.

Kurudi ndiko kulikonifurahisha zaidi. Tulimalizia siku Colosseo, ule uwanja wa kale wa michezo wa Warumi, na badala ya kwenda Termini, ambako treni za Civitavecchia mara nyingi huondokea majukwaa ya mbali kabisa, tulipanda metro ya mstari B vituo viwili tu hadi Piramide. Hapo unapita njia ya chini kwa chini na kutokea stesheni ya Ostiense, na treni ile ile inayotoka Termini inapita pale. Ubaya wake ni kwamba inafika imeshajaa. Tulisimama zaidi ya nusu ya safari, na baada ya kutwa nzima juu ya mawe ya barabara za Roma, miguu ilituuma sana.

Tena hatukuipata treni tuliyoipanga. Tulichelewa Colosseo kwa sababu ya picha, tukapanda iliyofuata. Lakini kwa kuwa hesabu ilikuwa na nafasi, hakuna aliyekimbia, na tulipanda melini dakika zaidi ya ishirini kabla ya saa 12.

Ukichagua njia hii, ujue unachoacha. Basi la ziara ya meli likichelewa, meli hulisubiri. Wewe wa treni hakuna wa kukusubiri, na gharama ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata ni yako. Mimi nilibeba nakala ya pasipoti na namba ya wakala wa meli bandarini, inayochapishwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku.

Jambo ambalo lingenifanya nighairi ni mgomo wa wafanyakazi wa treni. Siku chache kabla, tafuta neno "sciopero" (mgomo kwa Kiitaliano) pamoja na tarehe yako. Siku za kazi zenye mgomo, treni za kawaida zinazohakikishwa ni za saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Ile ya asubuhi itakufikisha Roma vizuri kabisa. Ya jioni inaanza wakati ambao sisi tulitakiwa tuwe tumeshapanda meli. Tarehe ikiangukia hapo, nunua ziara ya meli, au baki Civitavecchia.