Uzoefu wangu: nilipima uwanja mwenyewe kabla ya kuwaita wasafishaji

Mama yangu aliteleza kwenye kinjia cha pembeni mwa nyumba, palipoota utelezi wa kijani baada ya mvua za mfululizo. Namshukuru Mungu hakuvunjika, lakini siku hiyohiyo nilianza kutafuta watu wa kuosha sehemu zote za nje kwa mashine ya presha. Kampuni ya kwanza haikutuma mtu. Waliitazama nyumba kwenye picha ya setilaiti, wakaniletea makadirio: mita za mraba 212, kila mita na bei yake.

Niliona ni nyingi mno, ila sikuwa na namba yangu ya kuwajibu. Nikawaomba wasubiri.

Jumamosi asubuhi nikachukua tepu ya mita 30, penseli na karatasi, mwanangu akashika ncha ya pili. Nilikuwa nimeazima pia kipimo cha leza, lakini juani kile kidoa chekundu hakionekani kabisa ukutani, nikakiweka mpaka jioni. Nilichora nyumba kama inavyoonekana kutoka juu, nikagawa kila eneo vipande vya mstatili. Njia ya gari ni mita 14 kwa 3.5, yaani 49. Kinjia ni 11 kwa 1.2, yaani 13.2. Baraza lina mstatili wa 4 kwa 3, na mbele yake nusu duara yenye kipenyo cha mita 4. Hapo unachukua nusu kipenyo, 2, unakizidisha kwa chenyewe, kisha kwa 3.14, halafu unagawa kwa 2. Ni 6.28, kwa hiyo baraza lote ni 18.28.

Uwanja wa nyuma ndio uliofichua kila kitu. Una umbo la herufi L: ukanda wa mita 12 kwa 3 unaoambatana na ukuta wa nyumba, na mkono wenye upana wa mita 4 unaotoka mita 8 kuelekea bustanini. 36 kujumlisha 32 ni 68. Jumla yangu ya sakafu zote ikawa 148 na nusu hivi. Tofauti na yao ni kama mita 64, nikakaa na karatasi ile kwa muda nikijiuliza zimetoka wapi. Mwishowe nikazidisha 12 kwa 11, urefu na upana wa L nzima kana kwamba ni mstatili uliojaa, nikapata 132. Toa 68, zinabaki 64. Walikuwa wamenihesabia nyasi! Sidhani walikusudia kunidanganya. Kutoka juu, mti wetu mkubwa umefunika kona ile, na aliyepima alizungushia mistari minne tu.

Kuta za uzio nilizipima peke yake, urefu mara kimo, kwa sababu sikutaka zichanganywe na sakafu. Kumbuka kuuliza kama bei ni ya upande mmoja au pande zote mbili.

Jambo lililonisaidia kuliko hata hesabu ni kuandika kando ya kila kipande kimejengwa kwa nini na kina uchafu gani. Njia ya gari ni zege, na ina madoa ya oili yanayohitaji dawa kabla ya maji. Ngazi za baraza ni za mbao, na presha kubwa huchana nyuzi za mbao. Ukanda wa nyuma ni vitofali vilivyopangwa na kujazwa mchanga katikati. Maji ya nguvu huutoa ule mchanga, na usiporudishwa vitofali huanza kucheza. Mita moja ya zege na mita moja ya vitofali si kazi moja, hata kama bei ni ileile.

Kampuni ya kwanza niliitumia mchoro, hawakujibu. Ya pili walikuja na lile gurudumu la kupimia, wakapata 151. Nikaridhika, maana gurudumu likipita kwenye mabonde na matuta huongeza kidogo. Tulikubaliana kwa 148, tukaambatanisha mchoro wangu kwenye makubaliano.

Kazi waliifanya kwa siku moja na nusu. Kinjia kimetakata, mama anapita bila kushika ukuta. Madoa ya oili yamefifia, hayajaisha, na walikuwa wameniambia mapema kwamba itakuwa hivyo. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeiondoa kwa sababu walianza kufunga mipira ya maji bila kurudisha mchanga kwenye vitofali. Niliwaonyesha mstari ulioandikwa kwenye karatasi, msimamizi akausoma, akaomba radhi, na kesho yake asubuhi wakarudi na magunia mawili.